Fomu inaniuliza mimi ni mgonjwa au mzazi

Shangazi, shikamoo.

Nina fomu ambayo nimeshindwa kuimaliza kwa wiki tatu. Ni ya kujiandikisha kwenye mkutano wa watu wenye ugonjwa wa mwanangu, tuberosi sklerosisi. Wengi tunauita TSC, maana jina zima linatatiza ulimi. Jina, umri, tunakuja wangapi, vyote nimejaza. Kisha linakuja swali, "Wewe ni nani?", na visanduku vinne: mgonjwa, mzazi, ndugu, mtaalamu. Nikifika hapo naifunga, najiambia nitaendelea kesho.

Mwanangu ana miaka minne. Alipofika miezi mitano alianza kuinamisha kichwa ghafla na kurusha mikono, tena na tena, hasa akiwa ametoka usingizini. Niliambiwa ni tumbo. Niliambiwa ni kushtuka tu. Nikamrekodi kwa simu, na daktari wa nne ndiye aliyeitazama ile video hadi mwisho. Kumbe ni kifafa cha watoto wachanga. Picha ya ubongo ikaonyesha vinundu, ya moyo nayo ikaonyesha vyake. Mabaka meupe ya mgongoni, ambayo sisi tulikuwa tukiyaita alama za kuzaliwa, daktari aliyahesabu kwa taa ya zambarau gizani: manane. Kwa dawa ya vigabatrini kile kifafa kilitulia, na vinundu vya moyo vimeanza kusinyaa vyenyewe. Lakini hadi leo mtoto hana maneno zaidi ya kumi, na akikasirika hujigonga kichwa ukutani. Akicheka, Shangazi, hucheka mpaka miguu inamwishia nguvu anakaa chini.

Miezi mitatu iliyopita yalitoka majibu ya vinasaba. Ni jeni ya TSC2, na inatoka kwangu. Daktari aliniomba nisogee dirishani, akanitazama pua na mashavu. Vile vipele vyekundu nilivyopaka kila dawa ya chunusi tangu nikiwa msichana si chunusi. Nina ugonjwa uleule. Aliniandikia nikapimwe figo, sijaenda bado.

Mume wangu hajui. Siku ile alikuwa kazini. Niliporudi nilimwambia jeni iliharibika yenyewe tu, jambo ambalo hutokea kwa wengi. Akapumua, akasema, "Nilijua, kwetu hakuna kitu kama hiki." Sasa anazungumzia mtoto wa pili. Kuhusu mkutano anasema kwenda kukaa siku mbili na wagonjwa ni kujitafutia huzuni kwa nauli yako mwenyewe.

Nami naogopa, ila si kwa sababu yake. Naogopa kumwona mtu mzima mwenye TSC ambaye hasemi, anayevalishwa na mama yake mzee, nirudi nyumbani nikiwa nimeshaona mwisho wa mwanangu. Naogopa watu wale watanitazama usoni mara moja wajue. Zaidi ya yote naona aibu. Mimi natembea, nafanya kazi, nilisoma bila shida. Nitakaaje mbele ya mzazi mwenye mtoto aliyelemewa, nikamwambia na mimi ninao? Nimempa mwanangu kitu ambacho mimi mwenyewe hakijanigusa.

Niende? Na nikienda, nitie alama wapi?

Aliyekwama kwenye Kisanduku

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu.

Nenda. Nalitanguliza hilo ili uyasome yanayofuata ukiwa umetulia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Mtoto umempa aya nzima, kwa haki yake. Mume amepata yake. Vipele vya usoni navyo vimepata nafasi. Figo zako zimepata sentensi moja, tena umeikimbia kabla haijapoa. Nitairudia.

Kwanza hofu ya kuona. Mume wako hajakosea kabisa: utawaona watu ambao TSC imewabana vibaya. Sitakudanganya kwamba utaingia ukumbini ukapokewa na nyimbo. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu wa kiume, ambaye ana ule ugonjwa wa kurithi wa mifupa kuvunjika upesi, kwenye mkutano wa watu kama yeye. Saa ya kwanza nilitafuta mlango kwa macho. Viti vya magurudumu vilikuwa vingi kuliko viti vya kawaida, na mimi niliyedhani nimezoea nikajiona mgeni. Kisha mwanamke mmoja akaniinulia uso kunisalimu, nikaona weupe wa macho yake una ubuluu. Nikageuka kwa mwingine, ubuluu uleule. Macho yale maisha yangu yote niliyajua kuwa ya mtu mmoja tu, mdogo wangu. Nilipomtafuta nilimkuta kakaa na mzee mmoja wanashindana nani amevunjika mara nyingi zaidi, wanatambiana kama wachezaji wanaohesabu mabao. Mdogo wangu mtaani hutembea akitazama chini. Pale hakuna aliyemuuliza, "Ilikuwaje?" Walimuuliza, "Ya mwisho lini?" Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo iliyomrudisha mwaka uliofuata, na wa tatu, mpaka nikaacha kumsindikiza kwa kuwa hakunihitaji.

Basi unaposema watakutazama usoni wajue, ni kweli, watajua kabla hujavuta kiti. Kisha watakuuliza unapaka nini. Jiandae kwa hilo, maana watu wenye TSC wakikutana huzungumzia krimu ya sirolimusi, dawa ya vipele hivyo, kama wakulima wanavyozungumzia mvua. Kuna wanawake pale waliopaka dawa za chunusi miaka ishirini kama wewe.

Ama kuhusu kuuona mwisho wa mwanao, hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu ugonjwa huu ni mbaya sana kwa kutabiria. TSC humpata takribani mtoto 1 kati ya 6,000 wanaozaliwa, na karibu nusu ya walio nayo wana akili ya kawaida. Wapo wanaohitaji kulishwa maisha yote, wapo walimu, wapo ambao waligundua wakiwa na wajukuu. Hata mapacha wa kufanana, waliogawana jeni ileile yenye kasoro ileile, wameonekana mmoja akiwa taabani na mwenzake akiwa na mabaka tu. Kwa hiyo huyo kijana asiyesema utakayemwona meza ya pili hakuambii chochote kuhusu mwanao, kama vile wewe, unayetembea na kufanya kazi, usivyomwambia chochote. Wewe na mtoto wako mmo ndani ya mfano huo. Ukitaka kulipima hilo la "nimeuona mwisho wake", jiulize kama mama aliyekuona wewe leo angekuwa na haki ya kusema ameuona mwisho wa mtoto wake mchanga.

Kwa nini wewe hukulemewa na yeye amelemewa? Kila seli ya mwili ina nakala mbili za jeni ya TSC2. Nyinyi wawili mmezaliwa na nakala moja yenye kasoro, herufi kwa herufi ileile. Nyingine ni nzima, nayo hujitahidi kuizuia seli isikue ovyo. Uvimbe mwingi wa TSC, hasa wa figo, huota pale ambapo katika seli fulani ile nakala nzima nayo inapata pigo. Pigo hilo la pili hutokea kwa bahati: wapi, lini, mara ngapi, hakuna anayelipanga. Katika ubongo unaojengeka tumboni hali inaweza kuwa hivi kwa mtoto mmoja na vile kwa mwingine. Ulimrithisha herufi. Mahali pigo la pili lilipoangukia hukumchagulia wewe, na hukujichagulia mwenyewe pia.

Hiyo aibu ya kukaa mbele ya mzazi aliyelemewa ninaijua. Usiitibu kwa kujificha. Ukijificha unamnyima yule mzazi kitu anachokitafuta kwa miaka, yaani mtu mwenye TSC anayeweza kumwambia kwa maneno jinsi mwili huu unavyohisiwa kwa ndani. Mwanao hawezi kusema. Wao pia wana watoto wasioweza kusema. Wewe unaweza.

Sasa figo. Watu wazima wengi wenye TSC hupata uvimbe wa figo uliojaa mishipa ya damu na mafuta. Hauumi. Hukaa kimya ukikua, na ukishakuwa mkubwa unaweza kupasuka na kuvuja damu ndani kwa ndani, hapo ndipo watu hukimbizwa hospitali usiku. Ndiyo maana miongozo ya wataalamu inataka picha ya MRI ya tumbo kila mwaka 1 hadi 3, maisha yote, hata kwa mtu anayejiona mzima kama wewe. Kwa wanawake kuna jingine: mapafu. Wengi hupata vifuko vidogo vya hewa ndani yake, na inashauriwa wanawake wote wenye TSC wapimwe mapafu kwa CT kuanzia umri wa miaka 18. Homoni za kike zinaweza kuuchochea ugonjwa huo wa mapafu, na mimba inaweza kuuzidisha. Nawe nyumbani mnazungumzia mtoto wa pili. Mwanangu, uende ukapimwe kabla ya mkutano, sitaki tubishane. Huyo mtoto anayecheka mpaka anakaa chini atahitaji mtu wa kumwinua miaka mingi ijayo.

Nafika kwa baba yake, na hapa huenda usinipende.

Ulichomwambia ni kweli kwa karibu theluthi mbili ya watu wenye TSC: jeni yao ilibadilika yenyewe, wazazi hawana. Si kweli kwenu, na ulijua si kweli ulipoisema. Sikulaumu, ulikuwa umebeba majibu mawili kwa siku moja, la mtoto na la kwako. Ila kila mimba yenu ina uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi, na mtu hawezi kuombwa aingie kwenye uamuzi huo amefungwa macho. Kwa kuwa kasoro yenyewe imeshajulikana, zipo njia: kipimo wakati wa ujauzito, na hata kupima kiinitete kabla hakijapandikizwa, na ipo pia njia ya kuamua mmoja anatosha. Hayo ni ya watu wawili kukaa na mshauri wa vinasaba. Omba miadi, mwambie daktari mapema kwamba mumeo hajui, na umwombe akae nawe wakati unasema. Useme wewe. Daktari aeleze tu.

Na lile la "kwetu hakuna kitu kama hiki", alipopumua. Nakisia, nawe unamjua zaidi yangu, kwamba alipumua hivyo kwa sababu alikuwa amekesha usiku mwingi akijiuliza kama ni yeye.

Jambo moja usilifanye ni kumwacha aisikie ukumbini. Katika mikutano hii hakuna mhadhara wa vinasaba unaopita bila mchoro wa urithi, viduara na viboksi, nusu vimetiwa weusi, na kila mtu aliyekaa pale huanza kuhesabu kwa vidole. Ukimwambia kabla, anaweza hata kuja. Asipotaka kuja mwaka huu, mwache. Akina baba wengi hufika mwaka wa pili, wakakaa nyuma karibu na mlango, na jioni unawakuta wanabadilishana video za degedege kwenye simu kama wengine wanavyobadilishana picha za harusi.

Mkutano wenyewe usiufanye shule. Utapewa ratiba yenye vikao vinavyoenda kwa wakati mmoja, nawe utataka vyote. Chagua viwili kwa siku. Kaa pembeni mwa safu ili uweze kutoka bila kuwapitia watu magotini. Kutoka nje ulie ni jambo wanalolielewa pale kuliko mahali popote. Kumbuka kwamba daktari anayesimama jukwaani huona wagonjwa wazito kila siku, na slaidi zake huchaguliwa kutoka kwao. Yaliyo muhimu utayapata kwenye foleni ya chai. Hapo ndipo utakapomsikia mama akieleza jinsi alivyombaini mtoto wake hajigongi kichwa kwa hasira bali kwa usingizi mbovu, au maumivu, au kelele. Muulize mtu kuhusu TAND. Ni jina lililobuniwa mwaka 2012 kukusanya pamoja mambo ya tabia, usingizi, usonji, wasiwasi na kujifunza yanayotokana na TSC, na kuna orodha ya maswali ambayo familia na daktari huipitia angalau mara moja kwa mwaka. Karibu watu tisa kati ya kumi wenye TSC hupitia baadhi ya hayo wakati fulani. Huko kujigonga ukutani kumo.

Watakuja watafiti na fomu za ridhaa, wakitaka damu au jina lako kwenye sajili ya wagonjwa. Wasikilize, uchukue karatasi, usaini ukiwa nyumbani. Mtafiti wa kweli atasubiri, na unaweza kujitoa siku yoyote. Akitokea wa pembeni mwenye chupa ya kuponya kila kitu, mpishe apite.

Lakini usiwadharau wenye fomu. Daktari Mfaransa Bourneville aliueleza ugonjwa huu mwaka 1880, na kwa zaidi ya miaka mia waganga waliweza kuupa jina na si mengi zaidi. Mwaka 1974 huko Marekani akina mama wanne wenye watoto wenye TSC waliunda chama kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kama wewe. Kwa kupima damu za familia wanasayansi waliipata jeni ya TSC2 mwaka 1993, na TSC1 mwaka 1997. Miaka michache baadaye ikajulikana kwamba jeni hizo huizuia mashine ya ukuaji ndani ya seli iitwayo mTOR. Kumbe dawa ya kuituliza mashine hiyo ilikuwapo tayari: sirolimusi, iliyotokana na bakteria wa udongo uliochotwa kisiwa cha Rapa Nui mwaka 1964, na ambayo ilikuwa ikitumika kwa watu waliopandikizwa figo. Ndugu yake, everolimusi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa aina moja ya uvimbe wa ubongo wa TSC, 2012 kwa uvimbe wa figo, na 2018 kwa kifafa. Haiponyi. Hupunguza, na ukiiacha uvimbe unaweza kurudi kukua. Ila mtu aliyezaliwa na TSC wakati mimi niko shule hakuwa na hata hiyo, na utamkuta pale, ana mvi, muulize.

Ukirudi nyumbani tegemea siku mbili tatu za ukimya mzito. Mdogo wangu huziita siku za kutua. Usizijaze kazi.

Na ile fomu. Visanduku vile havikatazi mtu kuweka alama mbili. Tia kwenye mgonjwa, tia na kwenye mzazi. Wakikuuliza bandiko la kifuani liandikwe nini, wape jina lako mwenyewe, lile ulilopewa kabla hujawa mama wa mtu. Ila kabla ya kuibonyeza itume, piga simu uchukue miadi ya MRI, na nyingine ya mshauri wa vinasaba, ya watu wawili.